Miligramu Kumi na Tisa: Maisha ya Fundi Tuliyemwita Mizani

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu: familia imenikabidhi mimi, mpwa wake, mtoto wa dada yake, jukumu la kuyaeleza maisha yake mbele ya jeneza lake. Nawaomba uvumilivu. Wasifu huu ni mrefu kuliko ule niliouandika kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa mzuri, ulisomeka vizuri, na haukuwa wa kweli. Mjane aliukataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi seremala na mkewe. Mizani ya zahanati ilikuwa mbovu siku hiyo, kwa hiyo mkunga alimpeleka dukani akampima kwenye mizani ya sukari, akapata kilo tatu kasoro robo. Hadithi hiyo aliisimulia maisha yake yote, na kila mara aliimaliza kwa malalamiko yale yale: kwamba walimpima na kanga aliyoviringishiwa, hakuna aliyeitoa kanga, na kwa hiyo uzito wake wa kuzaliwa haujulikani mpaka leo. Tulikuwa tunacheka. Yeye hakuwa anatania sana.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na stesheni, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1969. Baba yake alipofariki aliacha masomo ya kawaida akaingia chuo cha ufundi, ambako alihitimu mwaka 1973 katika ufundi wa mashine na vipimo. Chuo kikuu hakukisoma. Alikifanyia kazi tu, miaka thelathini na saba. Wanafunzi wa shahada waliojigamba mbele yake aliwanyamazisha kwa upole: “Hata kipimajoto kina digrii, wala hakijui homa imetoka wapi.”

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara ya vifaa katika idara ya uhandisi, na ndipo alipopewa jina lililomfuata mpaka kaburini. Mizani ya maabara ile iliwekwa juu ya bamba la zege ndani ya kasha la kioo, nayo ilipima hadi sehemu moja ya elfu ya gramu, yaani miligramu moja. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua huku akiongea, kwa kuwa pumzi, alisema, nayo ina uzito. Mlinzi wa lango alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi yake atampima bibi harusi kabla na baada ya kula. Wanafunzi wakaanza kumwita Bwana Mizani, na baada ya muda hata mkuu wa idara alisahau jina lake rasmi.

Harusi yenyewe ilifungwa tarehe 18 Desemba 1976, na ilianza kwa ugomvi. Marehemu alikuwa akitafuta uzi imara wa kufungia mafungu ya katani, akaingia katika chumba cha mshonaji mmoja karibu na soko. Badala ya kununua, alifunga uzi kwenye kitasa cha mlango akaanza kuning’iniza chupa za maji, moja baada ya nyingine, kuona utakatika lini. Mshonaji akamuuliza kama amekuja kununua uzi au kuumaliza. Akajibu kwamba hajapata kuona uzi unaobeba chupa saba. “Basi uzi umefaulu,” mshonaji akasema. “Umebaki wewe.” Walioana na kuishi pamoja miaka arobaini na sita na miezi kumi na moja. Mungu aliwajalia mabinti wawili, mkubwa ambaye ni muuguzi na mdogo ambaye ni mwalimu. Mwaka 1986 walimwongeza mtoto wa tatu ambaye hawakumzaa. Mama yangu alikuwa amefariki, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Mjomba alikuja na baiskeli, akafunga sanduku langu nyuma, akanisukuma njia nzima bila kunihubiria. Tulipofika, mkaza mjomba alikuwa ameshanishonea shati la shule kwa kukisia tu, nalo lilinitosha.

Sasa nieleze kazi yake, maana wengi hapa mlimjua kwa heshima zake tu na hamkupata kuona mikono yake ikifanya kazi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini marehemu alishughulika na jambo moja: jinsi ya kuimarisha plastiki kwa nyuzi za mimea. Alitumia katani, makumbi ya nazi, na mara chache nyuzi za mgomba. Alipenda kueleza kwamba uzi peke yake una nguvu lakini hauna umbo, na plastiki peke yake ina umbo lakini haina nguvu; ukizioanisha vizuri, kila mmoja anamsitiri mwenzake. Nyuzi alizichambua kwa vidole, akaziloweka katika maji ya soda kali ya kiwandani ili kuondoa nta, akazisuuza mpaka maji yatoke meupe, akazikausha ndani ya oveni, akazipanga kwenye kalibu na kumimina resini, yaani plastiki ikiwa bado majimaji, polepole ili isifungie hewa. Kipande kilichoganda alikivuta kwa mashine mpaka kikatike. Kingine alikisugua kwenye diski ya chuma inayozunguka, akakipima uzito kabla na baada, ili ajue kimelika kiasi gani. Vipande vilivyokatika hakuvitupa. Alivihifadhi katika makopo ya maziwa yenye namba, akisema kwamba kilichovunjika ndicho chenye habari. Ni yeye aliyegundua, kabla ya mtu yeyote katika idara yetu, kwamba nyuzi zikisimama wima dhidi ya diski kipande hulika kidogo kuliko zikilazwa. Jambo hilo limo katika tasnifu yangu ya uzamili, sura ya nne. Jina lake halimo. Katika shukrani niliandika “mafundi wa maabara”.

Kuna kanuni aliyoishika kuliko zote. Katani hunywa maji. Hata ikiwa imezama ndani ya plastiki, ukiacha kipande mezani siku za mvua kitavuta unyevu kutoka hewani na uzito wake utapanda. Kwa hiyo kila kipande kilipaswa kukaushwa kwenye oveni kabla ya kupimwa, kisha kupozwa ndani ya chupa kubwa ya kioo yenye mfuniko mzito na chumvi ya kunyonya unyevu. Hata kipande kikavu kwa macho hakikuingia kwenye mizani bila kupitia humo. Tulimwona msumbufu.

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika maabara ile ile. Ijumaa tarehe 3 Aprili nilimaliza kuvisugua vipande vyangu kumi na viwili, vya kutengenezea bushi za pampu za maji za mkono, yaani vile vikombe vidogo ambamo pini ya mpini huzunguka. Mjomba alikuwa amevipima mwenyewe kabla ya kusuguliwa, vikiwa vikavu. Kupima baada ya kusuguliwa ilikuwa kazi yangu. Niliviacha kwenye sinia karibu na dirisha nikaenda zangu. Mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi nilivipima hivyo hivyo vilivyokuwa, bila kuvikausha, kwa sababu tasnifu ilikuwa inasubiriwa kwa mjalidi saa sita.

Kipande namba saba kilikuwa na gramu 2.814 kabla ya kusuguliwa. Mimi nilikuta 2.808. Kilikuwa kimepoteza miligramu sita tu. Nilifurahi. Vingine vyote vilifanana nacho. Niliandika kwamba bushi za katani zinalika kidogo kuliko tulivyotarajia, nami nikaamini, au nilitaka kuamini. Baada ya miaka ishirini na mitano siwezi tena kutofautisha.

Jumanne mjomba alivichukua vile vipande akavitia kwenye oveni bila kuniuliza. Jumatano alinisubiri kwenye korido, amevaa koti lake la kijivu lenye mifuko iliyotoboka, na alizungumza kwa sauti ya chini ili profesa asisikie.

“Mwanangu, vipande vyako vimekunywa. Namba saba ni miligramu kumi na tisa, siyo sita. Maji yamejaza mahali palipolika.”

Nikamwambia kwamba tasnifu imeshakwenda kujalidiwa.

“Kitabu kinafumuliwa,” akasema. “Mkaza mjomba wako anafumua suti nzima kwa sababu ya kola.”

Nikamwahidi kwamba nitarekebisha kwenye makala ya jarida itakayotokana na tasnifu, kabla haijachapishwa. Akaniamini. Makala ilichapishwa mwaka uliofuata ikiwa na miligramu sita, na kwa makala ile nikapata ajira ya mhadhiri msaidizi. Mjomba alinunua nakala yake, akaisoma, hakusema neno. Nilidhani ameelewa.

Karakana moja ya pampu ilitengeneza bushi kwa kufuata vipimo vyangu na kuzifunga kwenye visima arobaini. Zilitakiwa kudumu miaka mitatu. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimelika mpaka pini zikacheza, na asubuhi moja mpini wa pampu ulichomoka ukamvunja bega mama aliyekuwa akiteka maji. Mama huyo alipona, lakini mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya kichwa. Nimewahi kwenda kumtazama kwa mbali. Sikujitambulisha.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Jumanne tarehe 12 Juni 2001, katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili. Mjomba aliitwa, nami niliitwa, tukakaa upande mmoja wa meza. Mwenyekiti aliuliza swali fupi: nani alipima uzito wa vipande? Daftari la maabara lilikuwa na sahihi ya mjomba kila ukurasa, kama mtunza vifaa. Nilikuwa na mke, mtoto wa miezi mitatu, na mkataba ambao haujathibitishwa. Niliwajibu hivi:

“Mizani iko chini ya fundi.”

Kila neno katika sentensi hiyo ni kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Mjomba alinitazama. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi baadaye. Kisha akamgeukia mwenyekiti akasema kwamba ndiyo, mizani ni yake, akauliza kama kuna lingine wanalotaka kumwuliza. Hawakuwa nalo. Baada ya wiki mbili alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo ya samani. Fundi aliyepima sehemu moja ya elfu ya gramu alikaa miaka yake kumi ya mwisho kazini akihesabu viti na meza za kumbi za mihadhara, mpaka alipostaafu tarehe 9 Machi 2011. Viti alivipanga kwa namba, akaitengenezea stoo rejesta ambayo inatumika mpaka leo. Baadhi yenu mliokuwa wafanyakazi wenzake mlikuwa mkipita stoo mkimtania kwamba Bwana Mizani siku hizi anapima makalio. Alicheka pamoja nanyi. Mliamini kwamba alizembea. Mliamini hivyo kwa sababu yangu.

Nilizoea kumtembelea Jumapili. Tulikuwa tunazungumza juu ya paa, mabomba, wajukuu. Jambo lile halikutajwa. Nilijiambia kwamba ukimya wake ni msamaha, kwa kuwa tafsiri hiyo ilinifaa.

Mwezi Mei mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akamwagiza ajipime uzito kila asubuhi, maana maji yakijikusanya mwilini mizani ndiyo hutangulia kujua. Hakuna mgonjwa aliyeipokea dawa kwa furaha kama yeye alivyoipokea amri hiyo. Binti yake muuguzi anasimulia kwamba alikataa kupimwa baada ya chai, alikataa kupimwa na kandambili, na alimrudisha muuguzi mwanafunzi mara tatu kwa sababu mizani ilikaa juu ya ufa wa sakafu.

Tarehe 24 Septemba, siku ya Jumapili, nilimkuta kitandani. Mikono yake ilikuwa imekonda kama fito. Alinionyesha kijidaftari: Juni alikuwa na kilo hamsini na nane, siku ile sitini na moja.

“Mizani inasema nimenenepa,” akaniambia. “Wewe unaonaje?”

“Ni maji, mjomba. Mwili umepungua, maji yamejaza.”

“Kumbe unajua.”

Alinisubiri. Mlango wa kukiri alikuwa amenifungulia mwenyewe. Mimi nilikuwa natakiwa kuingia tu. Nilitazama miguu yake, nikamwuliza kama amekunywa dawa za mchana. Akasema amekunywa. Kisha akaniuliza habari za paa langu, kama bado linavuja.

Alifariki Alhamisi iliyopita, tarehe 16 Novemba 2023, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jumamosi nilimpelekea mkaza mjomba wasifu wa kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba mwaka 2001 marehemu “alihamishiwa kitengo cha samani, ambako aliendelea kutumikia kwa uaminifu”. Alivaa miwani yake ya kushonea akausoma wote, kisha akaingia ndani akarudi na daftari jeusi la mjomba la mwaka 1998, akalifungua mahali palipowekwa kipande cha uzi. Vipimo vyote kumi na viwili vilikuwemo kwa mwandiko wake: kabla, Jumatatu, baada ya oveni. Pembeni mwa safu ya Jumatatu aliandika: “Amepima mwanangu. Vimekunywa. Atarekebisha.”

Nilimwuliza kwa nini mjomba hakulipeleka daftari hili kwenye kamati.

“Nilimwuliza hivyo hivyo siku ile,” akasema. “Akaniambia, ‘Nikilitoa nitakuwa nimemvua nguo dada yangu.’ Mimi nimenyamaza miaka ishirini na miwili kwa ajili yake. Kwa ajili yako, baba, sinyamazi.”

Binti yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Hakuwa akijua. Aliniuliza swali moja tu: “Baba alikuwa anahesabu viti, na wewe ulikuwa unajua?” Nilijibu kwamba nilikuwa najua. Alirudi jikoni. Hakuzungumza nami tena hadi asubuhi ya leo, aliponiletea karatasi hizi zilizochapwa na kunionyesha mahali pa kusimama.

Sina hakika kama ninayasema haya kwa ajili ya marehemu au kwa ajili ya usingizi wangu. Yeye angesema kwamba sababu haina uzito, kilichoandikwa ndicho kipimwe. Jana asubuhi nilimkabidhi mkuu wa idara, ambaye yuko nasi hapa, barua ya kukiri pamoja na nakala ya kurasa nne za daftari lile, na nakala nyingine nimeipeleka kwa jarida lililochapisha makala yangu. Wiki ijayo nitakwenda kwa yule mama wa kisimani, na safari hii nitabisha hodi. Yatakayonipata yatanipata. Leo si siku yangu.

Ninyi mliofanya kazi naye, nawaomba jambo moja. Mkitoka hapa msiseme kwamba Bwana Mizani alikosea kupima. Hakukosea hata mara moja. Aliyekosea alikuwa na shahada mbili.

Katika kijidaftari cha hospitali, ukurasa wa mwisho, kuna kipimo cha Jumatano tarehe 15. Kilo sitini na tatu na nusu. Chini yake, kwa mkono uliokwisha kulegea, ameandika: “Kipimo hiki kisitumike. Mhusika amekunywa.”

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, makopo sitini na moja ya vipande vilivyovunjika, yote yakiwa na namba, na mpwa mmoja aliyemlea.

Kipande namba saba kilipoteza miligramu kumi na tisa.

Pumzika, mjomba. Amani niliyokunyima pale mezani, Mwenyezi Mungu akupimie yeye, kwa mizani isiyodanganywa na maji.